Kompyuta Niliyoifunga kwa Uzi wa Nyavu

Kuna boma moja kule Rusinga ambalo mimi nikilipita huwa nainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, na siku nyingi huwa nimevaa ndala. Hapo mjue aibu yenyewe ni ya kiasi gani. Nimejaribu kuwaambia watu kwamba haikuwa mbaya vile, kwamba hadithi imeongezwa chumvi na maji ya ziwa, lakini hapana, wacha niseme tu, ilikuwa mbaya, na tena ilikuwa mbaya mbele ya askofu. Chekeni, chekeni polepole nimalize.

Kazi yangu ni video za matanga. Hapa Sori wananiita Japicha, hata mama mkwe wangu ananiita hivyo, jina langu la ubatizo lilishapotea. Siku hizi mtu akifa watoto wako Nairobi, wako Mombasa, wako ng'ambo, na si wote wanaoweza kupanda ndege, kwa hiyo mimi nabeba kamera mbili na kompyuta moja kubwa ya sanduku inayochanganya picha na kuzirusha mtandaoni papo hapo, na walio mbali wanazika pamoja na wenzao. Ndani ya hilo sanduku kuna kadi ya grafiki, hiyo ndiyo punda wa kazi yote ya picha, na kwa vile inafanya kazi ya punda inapata joto, na kwa vile inapata joto ina vifeni viwili vidogo vya kuipoza, na hivyo vifeni, yawa, vilikuwa na kelele ya kufukuza ndege mtamani! Kule Awendo nilirekodi mazishi fulani, watu wakasimama kimya kumkumbuka marehemu, na mashine yangu peke yake ikaendelea kuunguruma pale mezani karibu na maikrofoni, mpaka nyanya mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama tumekuja na kinu cha posho tuwasagie wageni unga.

Sasa akanipigia simu Atieno. Huyu ni kitinda mimba wa mzee Odera wa Rusinga, anafanya kazi ng'ambo, na baba yake alikuwa amefariki wiki hiyo. Akaniambia, "Japicha, mimi siwezi kuja. Karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka, nikitoka sirudi tena. Nitamzika baba kupitia kwako. Na nataka kuzungumza naye kabla hajashushwa, nimtazame, na nisikie kila kitu, kwa sababu ile ya Awendo niliitazama, shangazi yangu alikuwa anaongea na sikusikia hata neno." Nikamwambia, dada, wacha kazi kwangu. (Hayo maneno, mkiyasikia kutoka kwangu tena, nipigeni kofi.)

Nikaagiza kipoza kipya kutoka Nairobi. Ni chuma kipana chenye mapezi membamba mengi kama ya samaki, unakikaza kwenye kadi, halafu juu yake unafunga feni mbili kubwa zinazozunguka taratibu. Feni ndogo inakimbia na kupiga kelele, feni kubwa inatembea na kunyamaza, siri yote iko hapo. Mzigo ukaja na basi mpaka Migori mjini, nikaufuata siku ya Alhamisi, nikarudi nao Sori nimeupakata kama mtoto, nikafungua. Chuma kipo. Feni zipo. Dawa ile nyeupe ya kupaka katikati ili joto lipite ipo. Vile vibanio vya waya vya kushikilia feni kwenye chuma? Havipo.

Nikampigia muuzaji. Akasema, "Pole bosi, zilibaki mezani. Nakutumia na basi la usiku, kesho asubuhi utakuwa nazo." Mazishi yalikuwa Jumamosi. Yaani Ijumaa nzima ilikuwa mbele yangu imelala wazi, mtu mwenye akili timamu angerudisha vitu kwenye boksi na kuitisha chai. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutotulia, nimezaliwa nao, shuleni nilikuwa nasimama kabla swali halijaisha kuulizwa. Nikakaa, nikainuka, nikashika feni, nikaiweka, nikaishika tena. Mke wangu Achieng alikuwa anachambua mchele, akanitazama vile anavyonitazama. "Si ungoje basi la kesho? Kwani umekalia siafu?"

Nikatoka nje. Jirani yangu Okoth alikuwa amekaa chini anaziba nyavu, kama kawaida yake, kidole gumba cha mguu kimevuta wavu, mkono unakwenda wenyewe. Nikamwonyesha shida. Okoth akacheka, akakata uzi wa nailoni, akasema, "Omera, ndugu yangu, uzi huu unashika samaki mbuta mwenye hasira, utashindwa na kafeni?" Mimi nikaona hekima. Tukaingia ndani, nikavua vile vifeni vya zamani, nikapaka dawa, nikakaza chuma, na Okoth akafunga zile feni mbili juu yake kwa mafundo ya nyavu, mazuri, yamekaa kama yameshonwa. Nikachukua mkasi nikate ile mikia ya uzi iliyobaki. Okoth akanishika mkono.

"Usikate! Fundo la nailoni ukilikata karibu linateleza, linafunguka. Mvuvi haachi fundo bila mkia."

"Na huu mkia si utaingia kwenye feni?"

"Utausukuma pembeni."

Nikausukuma pembeni. Mungu ni shahidi, niliuona mrefu, na bado nikausukuma pembeni.

Tukawasha. Kimya! Nikamwita Achieng aje asikilize. Akaja na sinia lake la mchele, akatega sikio. "Sisikii kitu." Nikaruka, nikamwambia ndiyo hiyo, ndiyo hiyo hasa, hicho usichosikia ndicho nilichonunua! Akarudi kwa mchele wake. Tatizo moja dogo lilikuwa kwamba chuma kilikuwa kinene, ubavu wa sanduku ukakataa kufunga, basi nikauacha wazi na kuufunika na leso ya Achieng kwa sababu ya vumbi na kuku. Ijumaa asubuhi vile vibanio vikafika Migori, karani wa basi akanipigia simu, nikamwambia avihifadhi, nitapita wiki ijayo. Niliona nikienda Migori na kurudi ni kupoteza siku. Siku yenyewe niliipoteza nikizunguka nyumba nikiwaonyesha wapita njia jinsi mashine ilivyonyamaza.

Jumamosi tukapakia kwenye Probox, tukapita ile barabara ya kwenda Mbita ambayo inatingisha mpaka meno ya bandia, tukavuka daraja, tukaingia Rusinga. Boma limejaa. Mahema, viti vya plastiki, wanakwaya, chama cha wavuvi na sare zao, wakwe kutoka Sindo, askofu na mwavuli wake. Jeneza la mzee liko chini ya hema ya mbele, na Mama Atieno, mjane, amekaa karibu nalo kwenye mkeka, ametulia, uso umekauka. Nikaweka mashine yangu mezani, leso juu, televisheni kubwa pembeni, nikawasha, na Atieno akatokea kwenye skrini na kitambaa cheusi kichwani. "Mama," akasema. Mama akainua mkono. Watu wakanong'ona, wakanitazama kwa heshima, na mimi hiyo heshima nikainywa yote kwa mkupuo mmoja.

MC, jamaa wa suti ya zambarau ambaye tumekutana kwenye matanga mengi, akanichokoza kwenye kipaza sauti: "Japicha, leo mbona kinu hakisagi? Umekiwasha kweli?" Sasa mimi, badala ya kutabasamu na kukaa, nikamnyang'anya maikrofoni. Nikasema, mbele ya askofu, mbele ya marehemu, "Wapendwa, leo mtasikia mpaka chozi likidondoka." Wakapiga makofi. Niliporudi kwenye kamera nilikuwa natembea kwa madaha.

Kwaya ikaimba, wakwe wakaongea, majirani wakaongea, chama cha wavuvi kikaongea mtu mmoja mmoja (mnajua matanga yetu, hakuna anayepewa dakika mbili akazitii). Jua lilikuwa kali. Mimi nahama na kamera, narudi mezani, natega sikio, kimya, nafurahi, naondoka. Halafu, mwenyekiti wa wavuvi akiwa katikati ya kueleza jinsi mzee alivyookoa mashua ya watu kwenye dhoruba, skrini ikaingia mistari ya rangi, kijani na waridi, uso wa Atieno ukavunjika vipande vipande, na ikawa giza.

MC akaniuliza, "Vipi tena?"

Hapa ndipo ningesema, naomba dakika nitazame mashine. Hakuna ambaye angenikosea heshima. Lakini nilikuwa nimeshajitapa, makofi yalikuwa bado masikioni, na mdomo wangu ukajifungua wenyewe: "Ni mtandao."

Mashine ikajiwasha upya. Bila shaka ilikuwa imepoa kidogo ilipozimika, ikarudi, Atieno akarudi, mimi nikapumua. Dakika chache, mistari tena, giza tena. "Mtandao," nikasema, safari hii kwa sauti ya mtaalamu. Basi matanga yote yakageuka kamati ya mtandao! Mmoja akasema ni nguzo za chuma za hema zinazuia. Vijana wakang'oa hema. Hawakuikunja, waliibeba ikiwa wima, wengine wameshika nguzo na wengine kamba, wakapanda nayo upande wa kilima, na waombolezaji nyuma yao na viti vichwani, wamama na vitoto, wanakwaya na ngoma yao, mpaka kiti cha askofu kikabebwa na yeye akafuata kwa miguu juani akiuliza, "Na marehemu je, naye tumhamishe?" Mimi jasho linanitiririka mgongoni nahamisha meza na nyaya. Mashine ikawaka pale kilimani (imepoa tena, si tumeibeba imezimwa!), watu wakashangilia, wakasema kumbe kweli, na ikazima.

MC akaja na wazo la mwisho. "Tafadhali kila mtu azime simu. Simu zenu ndizo zinakula mtandao wa Atieno." Na watu wakazima. Boma zima! Nikaona wazee wakiinamia simu zao kwa bidii, wakwe, askofu, wote, kwa sababu ya uongo wa neno moja, na mimi siwezi kusimama mahali pamoja, mara niko kwa kamera mara niko kwa waya, nagusa hiki naacha. Na huko upande wa ziwa wingu jeusi lilikuwa limeinuka. Kaburi liko wazi. Askofu akatazama wingu, akatazama saa. Na Atieno alikuwa hajasema hata neno moja kwa baba yake.

Mama Atieno naye alikuwa ameletwa kilimani na mkeka wake, amekaa karibu na meza yangu. Akanivuta suruali. "Kijana, hii kitu yako inaungua."

"Hapana Mama, hiyo ni harufu ya jikoni, wanakaanga."

"Jikoni leo wanakaanga plastiki?"

Akanyoosha mkono mwenyewe akaivuta ile leso. Mayo! Feni moja ilikuwa imening'inia upande kama jino la mtoto, nyingine imesimama tuli, imezongwa na mkia wa uzi ambao ulitoka pembeni nilikousukuma, ukazunguka mhimili raundi baada ya raundi, na nailoni iliyobaki imelainika kwenye chuma cha moto inatoa moshi mwembamba. Nilitamani niombe nitangulie mimi kwenye hilo kaburi lililokuwa wazi. Ndiyo maana nilikuwa sisikii kitu! Ule ukimya niliokuwa naenda kuusikiliza na kuufurahia ulikuwa wa feni iliyokwisha kufa.

Mzee mmoja wa chama cha wavuvi akasogea, akavaa miwani, akagusa. "Hii ni fundo ya nyavu." Akageuka. "Nani amefunga kompyuta na fundo ya nyavu?" Na mwenzake kutoka nyuma, "Na mkia ameuacha karibu na feni!" Jamani, Rusinga nzima hakuna asiyejua wavu. Kila mtu alielewa kosa langu papo hapo bila kufafanuliwa, kicheko kikaanzia kwa wavuvi kikapita kwa wakwe kikafika kwenye kwaya, kicheko cha matangani, kile mtu anajiziba mdomo na mabega yanacheza. MC akasema kwenye kipaza sauti, kwa huzuni ya kuigiza, "Wapendwa, mtandao haukuwa na makosa. Rudisheni hema."

Hapo katikati simu ikalia. Kabambe ya Mama Atieno, ile simu ndogo ya vibonyezo isiyo na video, ndani ya mkoba, mlio mkubwa wa kuamsha kijiji. MC akamkumbusha kwamba tulisema simu zizimwe. Mama akajibu, "Mimi sijui kuizima." Akapokea, akasikiliza, halafu akanipa mimi.

"Japicha?" Sauti ya Atieno ilikuwa imekwaruza. "Naona giza tu. Wameshamzika?"

Nikasema hapana. Nikamwambia ni mimi, siyo mtandao, ni mimi, nilishindwa kungoja vibanio nikafunga mashine na uzi wa nyavu na imeungua. Nilisema hayo na MC alikuwa amesogeza maikrofoni bila kuniambia, kwa hiyo niliungama kwa Atieno na kwa kata nzima. Vijana wakasema wacha tumpigie kwa video, tukawasha simu, na watu wote waliposikia simu zinaruhusiwa wakawasha zao kwa mpigo, mamia ya watu, kila mmoja anatafuta alichokosa, na ule mtandao niliousingizia mchana kutwa ukagoma kweli. Picha haikwenda hata kwa simu moja, ikabaki sauti tu ya ile kabambe. Nikasema, "Sasa ndiyo mtandao," na hakuna aliyenitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu ilikuwa imeishia hapo kilimani.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Askofu akasema kwa upole, "Mama, hatuwezi kungoja tena." Mama Atieno akainuka kwenye mkeka, akanishika kiwiko, mkono wake mwepesi lakini hauachii. "Tunashuka kaburini. Wewe utakuwa macho yake. Utamwambia kila kitu unachoona, na usidanganye tena."

Tukashuka. Kwanza Atieno akaongea na baba yake, ile kabambe imeshikiliwa kwenye maikrofoni, sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa. Alisema, "Baba, ulinifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, halafu ukaingia na nguo zako zote kwa sababu uliogopa kuliko mimi. Nisamehe sikuja. Huku nako nilitupwa tu, na bado napiga mikono. Lala, Baba." Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Wale wavuvi walikuwa wametoa kofia kwenye mvua.

Halafu ikawa zamu yangu. Mimi maisha yangu yote nimeonyesha watu vitu, sijawahi kuvisema. Nikaanza vibaya, nikasema jeneza ni la kahawia, jinga kabisa, kana kwamba nauza. Atieno akauliza, "Nani ameshika kamba?" Nikasema kaka yako mkubwa yuko mbele kulia, ameloa, anatafuna mdomo wake. Akasema, "Huwa anafanya hivyo." Nikasema mama yako amevua viatu. Nikasema sasa linashuka, upande wa miguu umetangulia kidogo, wanalisawazisha, sasa liko sawa. Na sauti yangu ikakatika, nikalia, siyo machozi ya kiume ya pembeni, nililia kwenye maikrofoni, kwikwi zikitoka kwenye spika mbili mpaka ng'ambo ya ziwa, mtu niliyekuja kazini, hata marehemu simjui! Mama Atieno akanitia udongo mkononi. "Huu ni wa Atieno," akasema. Nikaurusha, nikamwambia Atieno nimeurusha, umeangukia kifuani.

Halafu akasema, "Nimeona, Japicha. Asante, nimeona."

Mashine niliitengeneza, na vile vibanio nilivifuata Migori, vinashika vizuri na hakuna kelele. Okoth nimemsamehe, alifunga fundo lake sawasawa, ni mimi niliyepeleka fundo la majini mahali pasipo maji. Kutotulia kwangu sijui kama kutapona, lakini kiapo kimoja nimekula na Achieng ni shahidi: siku picha ikikatika, kama ni mtandao nitasema ni mtandao, na kama ni mimi nitasema ni mimi, tena mapema, kabla watu hawajabeba hema.